Kitenzi cha Kifaransa: Kugawa Silabi na Kutamka

Kitenzi cha Kifaransa huandikwa kwa silabi nyingi kuliko zinazosikika. "Parlent", yaani wanasema, kina silabi mbili kwenye karatasi, par-lent, lakini mdomoni ni silabi moja tu, /parl/. Kiswahili hakina tabia hiyo: "wanasema" huandikwa kwa silabi nne na hutamkwa kwa silabi nne, na kila irabu hupata haki yake. Ndiyo maana anayeanza Kifaransa Kitengela au Kajiado, awe mwanafunzi wa shule ya upili au mwongozaji wa watalii huko Amboseli, kwa kawaida hukwama mahali pamoja: hutamka anachokiona. Sentensi ya kwanza kabisa ya kujitambulisha, "je m'appelle", hugeuka je-ma-pe-le, silabi nne zenye mkazo kwenye pe. Mfaransa husema tatu, /zhë-ma-pèl/, na ulimi wake hubaki kwenye l bila irabu yoyote kufuata.

Hapa umbo la maandishi limetiwa ndani ya alama za nukuu na matamshi yako kati ya mikwaju. Zh ni sauti ya j ya Kifaransa, yaani sh iliyotiwa mghuno. Irabu zenye wimbi juu yake, ã, õ na ẽ, hupitia puani. Ü ni sauti ya herufi u ya Kifaransa, ö ni ile ya eu, na ë ni irabu hafifu ya "je" na "le", ambayo mara nyingi humezwa. Sauti u ya Kiswahili huandikwa "ou" kwa Kifaransa.

Kanuni ya msingi ya kugawa silabi inampendelea msemaji wa Kiswahili. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: fi-nir, re-ve-nir, kama ilivyo katika ka-ji-a-do. Konsonanti mbili hutengana, par-tir, res-ter, kama mak-ta-ba na lab-da. Ila konsonanti ya pili ikiwa l au r, na ya kwanza si l wala r, zote mbili husonga mbele pamoja: en-trer, mon-trer, ou-bli-er. Ch na gn ni sauti moja kila moja, kama sh na ny za Kiswahili, hivyo hazikatwi: mar-cher, ga-gner. Herufi zilizorudiwa kwa kawaida hutamkwa mara moja tu, kwa hiyo "donner" ni /do-né/ na "arriver" ni /a-ri-vé/. S pekee inahitaji uangalifu, kwa sababu ikiwa moja kati ya irabu husikika z, na ikiwa mbili husikika s: "nous lisons" ni /nu-li-zõ/, "nous finissons" ni /nu-fi-ni-sõ/.

Kifaransa hupenda silabi wazi, zile zinazoishia kwa irabu, na sehemu kubwa ya silabi zake katika mazungumzo ni za aina hiyo. Hapo Kiswahili na Kifaransa ni jirani. Tofauti inazuka mwishoni mwa neno. Kiswahili karibu kila mara hufunga neno kwa irabu, hata neno la kigeni likija bila irabu hupewa moja, ndipo tukapata benki, basi na kitabu. Kifaransa hukubali neno liishe na konsonanti tupu, na katika vitenzi jambo hilo hutokea kila dakika. Msemaji wa Kimaa ana nafuu hapa, kwa kuwa lugha yake inakubali silabi funge mwishoni: enkang, Oloitokitok. Aliyezoea Kiingereza cha darasani ana nafuu hiyo pia, ingawa wengi huisahau pindi wanapoona e imekaa mwishoni mwa neno la Kifaransa.

Mkazo nao unahama. Katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kitengela, na mkazo wake kwenye nge. Katika Kifaransa hukaa kwenye silabi ya mwisho inayosikika, tena si ya kila neno bali ya kundi zima la maneno. "Nous parlons" huangukia -lons. Likiongezwa neno, "nous parlons français", -lons hupoteza uzito na -çais huuchukua. Silabi zilizotangulia hutembea kwa urefu unaokaribiana, bila kupanda wala kushuka sana. Njia nzuri ya kuuzoea mwendo huo ni kujenga kundi kutoka nyuma: lons, parlons, nous parlons. Anayefanya hivyo hufika mwisho wa kundi kwa nguvu, badala ya kuanza kwa kishindo na kuishiwa pumzi.

Kiini cha suala lote ni viambishi tamati. Katika vitenzi vya kundi la -er, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote, maumbo sita ya wakati uliopo yana sauti tatu tu. "Je parle", "tu parles", "il parle" na "ils parlent" yote husikika /parl/. "Nous parlons" ni /par-lõ/ na "vous parlez" ni /par-lé/. Basi -e, -es na -ent havitamkwi kabisa, wala havifanyi silabi. Kama kabla ya kiambishi kuna irabu, kitenzi huishia kwenye irabu hiyo: "il étudie" na "ils étudient" ni /é-tü-di/, "elle joue" na "elles jouent" ni /zhu/.

Mwalimu anayemweleza jambo hili Mswahili anaweza kuanzia kwenye sarufi ya Kiswahili chenyewe. Katika ninasema, unasema, anasema, nafsi hujulikana mwanzoni mwa kitenzi, na mwisho haubadiliki. Kifaransa kinachosemwa hufanya karibu vivyo hivyo: je, tu, il na ils hubeba nafsi, na sehemu inayofuata, /parl/, hubaki ileile. Kwenye vitabu "je" ni neno linalojitegemea, lakini katika usemi limeungana na kitenzi kama ni- ilivyoungana na -sema. Kwa hiyo haifai kukariri "parle, parles, parle" bila viwakilishi, zoea lililo katika madaftari mengi. Huko ni kukariri tahajia. Sikio halijifunzi chochote, maana maneno yote matatu ni sauti moja. Kinachofaa kukaririwa ni /zhë-parl/, /tü-parl/, /il-parl/, kila kimoja kikiwa kipande kisichokatika.

Herufi -ent zimewasumbua wengi kwa sababu katika nomino, vivumishi na vielezi hutamkwa /ã/. "Content" kikiwa kivumishi, mwenye furaha, ni /kõ-tã/, silabi mbili. "Ils content", wanasimulia, ni /il-kõt/, na kitenzi ni silabi moja. Herufi ni zilezile, na kinachoamua ni kazi ya neno katika sentensi. Tahadhari moja inahitajika: -ent bubu ni ile ya nafsi ya tatu wingi peke yake. Katika "il sent", ananusa, na "il ment", anadanganya, herufi hizo ni sehemu ya mzizi katika umoja, hivyo husikika: /il-sã/, /il-mã/. Wingi wake, "ils sentent", una -ent mbili, ya kwanza inasikika na ya pili ni bubu: /il-sãt/.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia haraka mno. Nje ya kundi la -er, umoja na wingi wa nafsi ya tatu mara nyingi hutofautishwa na konsonanti moja ya mwisho. "Il part" ni /par/, "ils partent" ni /part/. "Il finit" /fi-ni/, "ils finissent" /fi-nis/. "Il vend" /vã/, "ils vendent" /vãd/. "Il lit" /li/, "ils lisent" /liz/. Konsonanti ya mwisho wa umoja hunyamaza, lakini katika wingi e isiyosikika huilinda, nayo hutamkwa. Mwongozaji aliyesimama na wageni kando ya kinamasi cha Amboseli anahitaji tofauti hii kila siku. Tembo mmoja "boit", /bwa/. Tembo wengi "boivent", /bwav/. Simba mmoja "dort", /dor/. Simba wengi "dorment", /dorm/. Akiiacha ile v au m, mgeni anasikia mnyama mmoja. Akiitia irabu, /bwavi/ au /dorme/, mgeni ataelewa, ila atalazimika kusikiliza mara mbili. Vitenzi vichache havina tofauti hiyo hata nje ya -er: "il court" na "ils courent" vyote ni /kur/, kwa kuwa r ya umoja tayari inasikika.

Kuifunga silabi bila kuipachika irabu ni suala la mazoezi ya mdomo tu. Konsonanti hutamkwa kikamilifu na kuachiwa wazi, isimezwe, lakini sauti ya koo ikome hapohapo. Inasaidia kuanza na konsonanti zinazoweza kuvutwa, s, z, v, l, m: /fi-nissss/, /dormmm/. Zikishakubali, zifuate zile za kupasuka, t na d, ambazo ndizo hushawishi zaidi ulimi wa Mswahili kuongeza i au e.

Wakati uliopita wa kuendelea una viambishi vitatu vinavyosikika sawa. "Parlais", "parlait" na "parlaient" vyote ni /par-lè/, silabi mbili, na hata -aient yenye herufi tano ni è tupu. "Nous parlions" ni /par-lyõ/ na "vous parliez" ni /par-lyé/, silabi mbili pia. Upande wa pili, "parler", "parlez", "parlé", "parlée", "parlés" na "parlées" vyote ni /par-lé/. Kwa hiyo tofauti kati ya "j'ai parlé", nimesema, na "je parlais", nilikuwa nikisema, inategemea pia é na è. É hutamkwa midomo ikiwa imetanuka na mdomo umefumbika kidogo. È hutamkwa mdomo ukiwa wazi zaidi.

Kiswahili kina e moja tu, kwa hiyo msemaji wake husikia é na è kama kitu kimoja. Lakini Kitengela ni mji wa mchanganyiko, na wengi waliokulia humo wana lugha nyingine nyumbani. Kikuyu na Kikamba zina irabu saba: ĩ yao iko karibu sana na é, na e yao iko karibu na è. Hata jina Gĩkũyũ lenyewe, likitamkwa na wenyewe, lina é katika silabi ya kwanza, na ũ zake mbili ziko karibu na o ya "il faut", /fo/. Kimaa kina irabu tisa na hutofautisha sauti za namna hii kwa urahisi, ingawa maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi. Ni ajabu kwamba darasa la Kifaransa mara nyingi huanza kwa kulinganisha na Kiingereza, ilhali jibu limekaa kimya katika lugha ya bibi.

Irabu ë ndiyo inayovuruga hesabu ya silabi. Katika wakati ujao, "je donnerai" huandikwa don-ne-rai, silabi tatu bila kiwakilishi, na husemwa /don-ré/, mbili. "Nous mangerons" ni /mãzh-rõ/. Lakini "je parlerai" hubaki na tatu, /par-lë-ré/, kwa sababu kuondoa ë kungeacha r, l na r zimebanana. Kanuni hiyo, iliyoelezwa na mwanafonetiki Maurice Grammont, huitwa sheria ya konsonanti tatu: ë huanguka pale ambapo kuanguka kwake hakurundiki konsonanti tatu. Si sheria ya mahakama, kwa maana wasemaji huikiuka, lakini humpa mwanafunzi kigezo. Baada ya irabu ë huanguka daima: "j'étudierai" ni /zhé-tü-di-ré/, "je jouerai" ni /zhë-zhu-ré/.

Kuna tahadhari kuhusu nyimbo. Katika nyimbo na mashairi ya kimapokeo ë huhesabiwa na huimbwa kama silabi kamili, na kusini mwa Ufaransa hutamkwa hata katika mazungumzo. Anayejifunza kwa kuimba atasikia /par-lë/ na kudhani ndiyo kawaida. Wimbo unafaa kwa msamiati na kwa kuipenda lugha. Kwa kuhesabu silabi za kitenzi, habari za redio ni mwalimu bora. RFI ina kipindi cha habari cha dakika 10 kiitwacho "Journal en français facile", kinachosomwa kwa lugha nyepesi, na maandishi yake hupatikana, hivyo mtu anaweza kusikiliza huku akipiga mstari chini ya kila -ent isiyosikika.

Mabadiliko ya mzizi katika vitenzi kama "acheter" na "appeler" yanaonekana kama fujo mpaka silabi zihesabiwe. Katika "nous achetons" kuna kiambishi kinachosikika baada ya mzizi, hivyo e ya katikati ni hafifu na huanguka: /nu-zash-tõ/. Katika "j'achète" kiambishi ni bubu, silabi ya mwisho inayosikika ni ileile ya mzizi, na e haiwezi kubeba mkazo ikiwa hafifu. Inafunguka kuwa è: /zha-shèt/. Maandishi huonyesha hilo ama kwa alama, "achète", "lève", ama kwa kurudia konsonanti, "appelle", "jette". Njia ni mbili, sauti ni moja. Vivyo hivyo "nous espérons" ina é na "j'espère" ina è. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la Ufaransa Desemba 1990 yaliruhusu è pia katika wakati ujao, "j'espèrerai" badala ya "j'espérerai", kufuata matamshi. Yaliacha "appeler" na "jeter" na konsonanti zao mbili, kwa hiyo mwanafunzi bado hana budi kuzikariri.

Vitenzi vyenye eu hupitia mchezo huohuo. "Il peut" ni /pö/ yenye mdomo uliofumbika, "ils peuvent" ni /pöv/ yenye mdomo uliofunguka zaidi. "Il veut" /vö/, "ils veulent" /völ/. "Faire" kina kituko chake: "nous faisons" husomwa /fë-zõ/, si /fè-zõ/, na "je faisais" ni /fë-zè/, ingawa "il fait" ni /fè/ kama inavyotarajiwa.

Kwenye "nous mangeons" kuna e inayowapotosha wengi wakaitamka kama silabi, man-ge-ons. Silabi ni mbili, /mã-zhõ/. E hiyo ni mlinzi tu: g mbele ya o au a hutamkwa kama g ya gari, na mbele ya e au i hutamkwa zh, hivyo bila e tungepata /mã-gõ/. Katika "nous mangions" i imefanya kazi hiyo na e haihitajiki. Alama ya chini ya "commençons" hulinda sauti ya s kwa sababu ileile. Kwa kanuni hizi Mfaransa aliyeshuka kwenye barabara ya Namanga na kusoma bango la Kitengela kwa macho ya kwao angesema /ki-tã-zhë-la/, na Kajiado ingetoka /ka-zhya-do/, silabi tatu badala ya nne.

Hiyo /zhya/ inaingiza suala la viyeyusho. Kiswahili hukijua kisa hiki vizuri: ku na enda huwa kwenda, mu na alimu huwa mwalimu, u ikiyeyuka kuwa w ili silabi zipungue. Kifaransa hufanya hivyo kwa i, ou na u: "étudier" ni /é-tü-dyé/, "jouer" ni /zhwé/, "vous vouliez" ni /vu-vu-lyé/. Lakini kiyeyusho hakikubali kusimama baada ya konsonanti mbili za silabi moja ambazo ya pili ni l au r. Hapo i hubaki irabu kamili na y huchomoza nyuma yake. "Oublier" ni /u-bli-yé/, silabi tatu. "Vous voudriez" ni /vu-vu-dri-yé/, kitenzi kikiwa na silabi tatu ambapo "vouliez" kina mbili. Ni umbo la adabu ambalo mhudumu wa hoteli hulitumia mara nyingi, na kulibana katika silabi mbili hulifanya lisieleweke. Herufi oi kwa kawaida ni /wa/, "je vois" /vwa/, na y ikifuata hugawanywa pande mbili: "nous voyons" /vwa-yõ/.

Irabu za puani zinapatikana karibu katika kila kitenzi, kwa sababu -ons na -ont zina irabu hiyo. Kosa la kawaida ni kumalizia na ng': "parlons" ikawa par-long'. Dawa ni kuhakikisha kwamba mwisho wa silabi ulimi haujagusa mahali popote na midomo haijafungana. Hewa hutoka puani na mdomoni kwa pamoja. Irabu ikifuatwa na n mbili, au n kisha irabu, upuani hutoweka na n hutamkwa. Kitenzi "prendre" kina hali zote: "il prend" /prã/, "nous prenons" /prë-nõ/, "ils prennent" /prèn/. "Venir" hufuata: "il vient" /vyẽ/, "nous venons" /vë-nõ/, "ils viennent" /vyèn/. Vitenzi hivi viwili vikiwa imara mdomoni, kazi kubwa ya irabu za puani imekwisha.

Ü haipo katika Kiswahili. Hupatikana kwa kuandaa ulimi kusema i, kisha kukusanya midomo kama anayepiga mluzi bila kuusogeza ulimi. Ina umuhimu kwa kuwa vitenzi vingi vya wakati uliopita huishia nayo: "vu" /vü/, "lu" /lü/, "bu" /bü/, "vendu" /vã-dü/, na hata "eu", ambayo licha ya herufi zake mbili ni /ü/ peke yake. Anayesema /vu/ badala ya /vü/ amesema "vous", ninyi, wala si "vu", kuonwa.

Kuhusu r, msaada uko pwani. Gh ya lugha na ghali, inavyotamkwa Mombasa na Lamu na watu waliosoma chuoni, iko karibu na r ya Kifaransa. Ya Kifaransa hutoka nyuma zaidi kidogo, kwenye kimio. Watu wa bara wengi husema luga na gali, kwa hiyo wanalazimika kuitafuta upya. Baada ya p na t, r hupoteza mghuno na kukaribia kh ya kheri: /prã/, /mõ-tré/. Hata hivyo si jambo la kukosesha mtu usingizi. Wasemaji wengi wa Kifaransa barani Afrika hutamka r kwa ncha ya ulimi na hueleweka kote. Kumeza konsonanti ya wingi kuna madhara zaidi kuliko r ya Kiswahili.

Maneno yakikutana, silabi hupangwa upya. Konsonanti ya mwisho inayosikika huhamia kwenye irabu ya neno linalofuata: "il arrive" ni /i-la-riv/, "elle habite à Kajiado" ni /è-la-bi-ta-ka-ji-a-do/, ikiwa msemaji ni Mkenya. H ya "habite" ni bubu na haizuii chochote. Konsonanti iliyokuwa bubu nayo mara nyingi hufufuka mbele ya irabu, na s yake husikika z: "nous avons" /nu-za-võ/, "vous êtes" /vu-zèt/, "les éléphants arrivent" /lé-zé-lé-fã-a-riv/. Z hii ndiyo inayotofautisha "il aime", /i-lèm/, na "ils aiment", /il-zèm/, kwa kuwa kitenzi chenyewe hakibadiliki sauti. Ndiyo pia inayotofautisha kuwa na kitu na kuwa kitu: "ils ont" ni /il-zõ/, "ils sont" ni /il-sõ/. Mazoezi ya jozi hii yanastahili muda kuliko jozi nyingine yoyote ya Kifaransa.

Katika maswali ya kugeuza, t hujitokeza kati ya irabu mbili za maandishi: "parle-t-il" /parl-til/, "a-t-elle" /a-tèl/. D nayo husikika t: "prend-il" /prã-til/. Amri "va" haina s, lakini mbele ya y huipata kwa ajili ya matamshi, "vas-y", /va-zi/. "Haïr", kuchukia, huenda kinyume: h yake huzuia uunganishaji, hivyo "nous haïssons" ni /nu-a-i-sõ/ bila z, na nukta mbili juu ya i hutangaza kwamba a na i ni silabi mbalimbali. Katika umoja nukta hazipo, na "je hais" ni /zhë-è/.

Katika KCSE Kifaransa hupimwa pia kwa kusikiliza na kwa mazungumzo, na mitihani ya DELF inayofanywa Alliance Française ya Nairobi ina sehemu hizo vilevile. Wawili wanaosoma pamoja wanaweza kujiandaa kwa imla fupi: mmoja anasoma vitenzi kwa kiwakilishi chake, mwingine anaandika kwanza idadi ya silabi alizosikia, kisha tahajia. Hesabu ikiwa na kosa, tahajia haina haja ya kusahihishwa bado. Maumbo kama "ils parlèrent", /par-lèr/, na "nous parlâmes", /par-lam/, yatokeayo katika riwaya na hadithi, yanatosha kutambuliwa kwa macho. Hayasemwi sokoni wala hotelini.

Limebaki suala dogo la kukata neno mwisho wa mstari kwa mwandiko. Hapo hutumika silabi za maandishi, si za sauti: "don-ner" hukatwa kati ya n mbili ingawa husikika moja, na "comp-ter" hukatwa baada ya p isiyotamkwa. Irabu mbili zilizofuatana hazitenganishwi, kwa hiyo "oublier" hukatwa "ou-blier" tu. Y au x iliyo kati ya irabu haikatwi mbele wala nyuma yake, hivyo "voyons" huandikwa zima. Irabu moja haiachwi peke yake mwisho wa mstari, kwa hiyo "arriver" ni "ar-river" au "arri-ver", na "aller" ni "al-ler". Silabi ya mwisho yenye e bubu, kama -lent ya "parlent", ni heri ihamie mstari wa pili pamoja na neno lake lote.